Walioambiwa Wanyamaze

Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanamjua Yusufu na kanzu yake. Humchora, humpaka rangi, na kwenye tamasha humwigiza. Wachache sana wanajua kwamba kwa Kiebrania maneno yanayotaja kanzu ya Yusufu yanatumika kwa mtu mmoja mwingine tu katika Agano la Kale, naye ni Tamari binti wa mfalme Daudi. Kanzu ya Yusufu ilichovywa katika damu ya mbuzi na ndugu zake. Kanzu ya Tamari aliirarua yeye mwenyewe, siku ambayo kaka yake wa baba mmoja alimbaka.

Habari hiyo iko katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, alimtamani Tamari hata akaugua. Binamu yake Yonadabu, mtu mwerevu wa hila, akamshauri ajifanye mgonjwa na aombe dada yake aje ampikie. Mfalme mwenyewe ndiye aliyemtuma binti yake aende. Tamari akakanda unga, akaoka mikate, akaipakua. Amnoni akawatoa watu wote nje. Tamari alimsihi, tena kwa hoja, akimwonyesha aibu itakayowapata wote wawili. Hakusikilizwa. Baadaye Amnoni akamfukuza na mlango ukafungwa nyuma yake.

Wengi tukifika hapo tunafunga Biblia, na aya zinazofuata zinatupita. Tamari hakujificha. Alitia majivu kichwani, akararua kanzu yake, akaenda njiani akilia kwa sauti ili kila mtu asikie. Aliyemnyamazisha ni Absalomu, kaka yake wa tumbo moja, aliyempenda. Alimwambia anyamaze, maana mkosaji ni ndugu, asilitie jambo hilo moyoni. Tamari akakaa nyumbani kwa Absalomu katika upweke. Daudi akasikia, akakasirika sana, na wala hatuambiwi kwamba alifanya lolote.

Maneno ya Absalomu tunayajua. Tumeyasikia sebuleni mwa nyumba zetu: ni mjomba wako, usiiaibishe familia, mambo haya yanamalizwa nyumbani. Mara nyingi husemwa na watu wanaompenda kwa dhati yule aliyeumizwa, kama Absalomu alivyompenda dada yake. Lakini mwandishi wa Maandiko hakumtii Absalomu. Aliandika. Ndiyo maana leo, baada ya karne nyingi, Tamari bado analia njiani na sisi tunamsikia.

Katika insha hii tumetaka kufuata historia fupi ya watu wengine walioambiwa wanyamaze, na jinsi kitabu, kisha filamu, vilivyowarudishia sauti. Historia yenyewe inaanzia Marekani, kwa kuwa huko njia hiyo inaonekana wazi, kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Mwishoni itatufikisha Afrika na ukumbini kwetu.

Mwaka 1928, tarehe 4 Aprili, katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, alizaliwa mtoto aliyeitwa Marguerite Johnson. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Maya Angelou. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake waliachana, naye pamoja na kaka yake Bailey, mwenye miaka minne, wakapandishwa treni peke yao, wakiwa na vibandiko vya anwani mkononi kama mizigo, kwenda kwa bibi yao mzaa baba katika mji mdogo wa Stamps, Arkansas. Bibi huyo, Annie Henderson, alikuwa na duka. Alikuwa nguzo ya kanisa lake la Kimethodisti, mwanamke wa sala za alfajiri na wa maneno machache. Katika Stamps ya wakati ule watu weusi na weupe waliishi pande mbili za mji, na mtu mweusi alijifunza mapema pa kupita na pa kutokupita.

Akiwa na miaka saba au minane Maya alirudishwa St. Louis kwa mama yake. Huko mpenzi wa mama yake akambaka. Yule mtu alimtisha kwamba akisema atamuua Bailey, na kwa mtoto yule Bailey ndiye aliyekuwa ulimwengu wote. Siri haikukaa. Alipopelekwa hospitali, Bailey alimbembeleza mpaka akataja jina. Mtu huyo alishitakiwa, na Maya alisimama kizimbani mbele ya watu wazima, akiulizwa maswali na wakili. Mahakama ilimhukumu mwaka mmoja na siku moja, lakini aliachiliwa karibu mara moja. Muda mfupi baadaye alikutwa ameuawa kwa kipigo.

Mtu mzima angeweza kusema haki imetendeka, au dhambi imejibiwa kwa dhambi. Mtoto wa miaka minane aliona jambo moja tu: nilisema, na mtu akafa. Akaamua kwamba sauti yake ina sumu. Akanyamaza. Isipokuwa kwa Bailey, hakuzungumza na mtu kwa karibu miaka mitano.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu wengi tunadhani kidonda cha mtoto aliyenyanyaswa ni kile tendo peke yake. Kwa Maya kulikuwa na kidonda cha pili juu ya kile cha kwanza, yaani imani kwamba yeye ndiye mwenye hatia na kinywa chake ndicho hatari. Watu wa nyumbani St. Louis walimvumilia mwanzoni. Baadaye waliona ni kiburi, na alichapwa kwa kutojibu. Mwishowe akarudishwa Stamps kwa bibi. Bibi hakumlazimisha aongee. Alimsuka nywele na akaendelea kumwamini.

Mtu aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mmoja wa mji huohuo, Bi. Bertha Flowers. Alikuwa mweusi kama wao, msomi, mwenye mwendo wa kiungwana ambao watoto waliuonea fahari. Siku moja alimchukua Maya hadi nyumbani kwake kama mtu anayebebewa mizigo ya dukani. Akamwandalia biskuti alizozioka mwenyewe na juisi ya limau. Kisha akachukua riwaya ya Charles Dickens, A Tale of Two Cities, akamsomea kwa sauti. Maya alikuwa amekwisha kukisoma kitabu hicho, lakini hakuwahi kukisikia. Aliandika baadaye kwamba usomaji ule ulimfikia kama wimbo. Bi. Flowers alimweleza kwamba maneno yaliyo kwenye karatasi hayajakamilika mpaka sauti ya mwanadamu iyape uhai, akamwazima vitabu, na akampa kazi ya kukariri shairi atakaporudi.

Hakumuuliza kilichotokea St. Louis. Hakumwombea kwa kumwekea mikono ili pepo wa ububu atoke, jambo ambalo baadhi yetu tungelikimbilia kwanza. Alimpa biskuti, kitabu na sababu ya kufungua kinywa. Maya akasoma kila alichokipata: Shakespeare, Edgar Allan Poe, na washairi weusi kama Paul Laurence Dunbar. Alisoma vitabu vya maktaba ya shule ya watoto weusi. Na polepole sauti ikarudi. Miaka mitano ya kusoma na kusikiliza bila kusema ilikuwa imemjaza lugha ambayo watoto wenzake hawakuwa nayo.

Mwaka 1969, akiwa na miaka 41, Maya Angelou alichapisha habari za utoto wake katika kitabu I Know Why the Caged Bird Sings, yaani najua kwa nini ndege aliye tunduni huimba. Jina hilo lilitoka katika shairi la yule Dunbar aliyemsoma akiwa bubu. Kitabu kinafunguka kanisani, siku ya Pasaka, mtoto akisahau shairi lake mbele ya waumini. Sisi tuliowahi kusahau ubeti wa Krismasi huku mama akitutazama kutoka benchi la tatu tunamwelewa kabla hata hatujafika ukurasa wa pili. Ndani yake aliandika ubakaji ule waziwazi, kwa macho ya mtoto, bila kuutia chumvi na bila kuuficha.

Kabla ya hapo mambo hayo yalisemwa kwa minong'ono, au hayakusemwa. Mwanamke mweusi aliyeyaandika alijua atashutumiwa pande zote: na weupe watakaosema ndivyo walivyo, na weusi watakaosema umetuvua nguo hadharani. Kitabu kilipata wasomaji wengi mno, na pia kikaingia katika orodha ya vitabu vilivyopingwa zaidi katika shule za Marekani. Wazazi wengi hawakutaka watoto wao wasome habari za mtoto kubakwa. Tunawaelewa. Hata hivyo tunajiuliza ni watoto wangapi katika madarasa hayo walikuwa tayari wanaijua habari hiyo kwa miili yao.

Mwaka 1979 kitabu kikawa filamu ya televisheni, na Angelou mwenyewe alishiriki kuandika mswada wake. Sasa hata asiyesoma aliweza kumwona mtoto yule akikaa kimya, na kumwona Bibi Henderson, aliyeigizwa na Esther Rolle, akisimama mlangoni mwa duka lake akiimba tenzi huku akidhihakiwa na wasichana weupe.

Mmoja wa waliokisoma kitabu kile kilipokuwa kipya alikuwa msichana wa miaka 15 aliyeitwa Oprah Winfrey. Alizaliwa Januari 1954 katika mji wa Kosciusko, Mississippi, akalelewa miaka ya kwanza na bibi yake shambani. Bibi alimfundisha kusoma akiwa mdogo sana, na kanisani alisimama kukariri Maandiko hata watu wakamwita mhubiri. Alipofika miaka sita alipelekwa Milwaukee kwa mama yake. Kuanzia miaka tisa alinyanyaswa na watu aliowaamini: binamu, mjomba, rafiki wa familia. Yule wa kwanza alimnunulia aiskrimu na kumwambia asiseme. Alipata mimba akiwa na miaka 14, na mtoto akafa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kisha alikwenda Nashville kwa baba yake, aliyekuwa na sheria ngumu: kila wiki usome kitabu na uandike ulichokisoma.

Katika hali hiyo ndipo alipokutana na kitabu cha Angelou. Amesimulia mara nyingi kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuona kwenye ukurasa mtoto mweusi wa Kusini, wa bibi, wa kanisani, wa kukariri, aliyetendewa alichotendewa yeye. Kabla ya hapo alidhani yuko peke yake. Mtu aliyenyanyaswa hudhani hivyo karibu kila mara, kwa kuwa siri huwakalisha watu mbalimbali hata wakiwa benchi moja. Wanawake hawa wawili walikuja kuwa marafiki mpaka Angelou alipofariki tarehe 28 Mei 2014. Katikati ya miaka ya 1980 Winfrey alisema mbele ya kamera, katika kipindi chake mwenyewe, kwamba naye alibakwa utotoni. Mwaka 1991 alitoa ushahidi mbele ya Baraza la Seneti, na Desemba 1993 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria ya taifa ya kulinda watoto, iliyoweka daftari la kitaifa la watu waliopatikana na hatia ya kuwadhuru watoto, ili wasiajiriwe tena kuwalea. Wamarekani waliiita kwa jina la Oprah. Ukitafuta chanzo chake utarudi nyuma hadi kwenye sahani ya biskuti ya Bi. Flowers.

Katikati ya njia hiyo iko kazi nyingine, riwaya ya Alice Walker iitwayo The Color Purple, iliyotoka mwaka 1982 na mwaka uliofuata ikampatia tuzo ya Pulitzer, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa riwaya. Walker mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka minane alipopigwa jicho na bunduki ya kuchezea ya kaka yake. Jicho likapofuka, akajificha katika kusoma.

Msichana wa riwaya hiyo, Celie, ana miaka 14 inapoanza. Mwanamume anayemjua kama baba amembaka, na amemkataza kumwambia yeyote ila Mungu. Basi Celie anafanya hivyohivyo: anamwandikia Mungu barua. Riwaya yote ni barua. Hatujui picha nyingine ya maombi iliyo chungu kuliko hii, msichana aliyefungwa mdomo kwa watu wote akimwandikia Mmoja aliyebaki, kwa tahajia ya mtu ambaye shule alikatishwa. Anaozwa kwa mwanamume anayempiga. Mdogo wake Nettie anakwenda Afrika pamoja na wamisionari, anamwandikia kwa miaka, na mume anazificha barua hizo katika sanduku. Siku Celie anapozigundua na kuzisoma ndipo anapoanza kusimama wima. Anajua kwamba anapendwa, na kwamba watoto alionyang'anywa wako hai.

Kusema kweli, kuna kurasa katika riwaya hiyo ambazo wazee wa kanisa wasingekubali zisomwe kwa sauti ukumbini, na kuna mawazo juu ya Mungu tusiyoyakubali. Tumeisoma hata hivyo. Ayubu naye alisema mambo mazito juu ya Mungu, na waliokemewa mwishoni ni rafiki zake.

Filamu yake iliongozwa na Steven Spielberg mwaka 1985. Whoopi Goldberg alikuwa Celie, na Sofia, mwanamke asiyekubali kupigwa, aliigizwa na Oprah Winfrey, ambaye hakuwa amewahi kuigiza katika filamu. Alikuwa amekipenda kitabu hata akanunua nakala na kuwagawia watu. Sehemu za Afrika zilipigwa Kenya, kwa hiyo msomaji wetu wa upande ule akiitazama ataona ardhi anayoijua. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo 11 za Oscar na haikupata hata moja. Walikuwepo waliopinga hadharani, wakisema inawachafua wanaume weusi mbele ya weupe. Hoja yao ilikuwa na uzito wake katika nchi ya ubaguzi. Lakini ilikuwa pia, kwa nguo nyingine, ile hoja ya Absalomu.

Watengenezaji wa filamu waliitoa hadithi katika barua na kuileta machoni. Tunakumbuka Nettie akimfundisha Celie kusoma kwa kubandika vipande vya karatasi juu ya vitu vya nyumbani, neno kwa kitu chake, wasichana wawili wakicheka. Tunakumbuka pia mwisho wake, shambani, dada wawili waliotenganishwa maisha yote wanapopiga tena mchezo wao wa makofi. Ukimwonyesha mwanamke asiyejua kusoma sehemu hiyo hana haja ya mkalimani.

Sisi wa kikundi cha usomaji cha usharika wetu tulidhani basi kazi ni rahisi. Tuliazima projekta, tukafunga mapazia ya ukumbi, tukaitangaza filamu kama filamu ya familia. Hatukumwonya mtu. Katika dakika za mwanzo mwanamke mmoja aliinuka, akatoka akipita kando ya ukuta. Sote tulimwona. Hakuna aliyemfuata mpaka filamu ilipokwisha, na kufikia hapo alikuwa amekwenda zake. Hakurudi kwenye kikundi kwa miezi mingi, na aliporudi hakutaka tuliseme. Kitabu mtu anaweza kukifunga. Filamu inaendelea, na aliye gizani ukumbini hana pa kuweka uso wake. Bi. Flowers alikuwa na mtoto mmoja mbele yake, mezani, mchana. Sisi tulikuwa na viti 80.

Kosa hilo lilitufanya tutafute waliotutangulia, na tukawapata Afrika Kusini. Katika mji wa Pietermaritzburg, chini ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kiko kituo kinachosoma Biblia pamoja na watu wa kawaida, maskini, wanawake, wagonjwa. Kinaitwa Ujamaa Centre, na neno hilo la kwanza ni letu. Mwaka 1996 wanawake katika warsha walisoma pamoja habari ya Tamari, sura ya 13, aya ya 1 hadi ya 22. Haikuwa mahubiri. Iliwekwa mbele yao na kusomwa kwa sauti, kisha maswali: ni akina nani katika habari hii? Kila mwanamume alishiriki vipi? Tamari alisema nini na alifanya nini? Wengi walikuwa hawajui kwamba habari hiyo imo katika Biblia yao. Na baada ya kuisoma walianza kusimulia yao wenyewe. Waendeshaji waligundua mapema kwamba si haki kuifungua sura hiyo mbele ya watu bila kuandaa pia wa kuwasikiliza na mahali pa kuwapeleka. Mwaka 2000 kazi hiyo ikawa Kampeni ya Tamari, na baadaye mwaka 2005 ikapokelewa Nairobi na ushirika wa mabaraza ya Kikristo ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ukaieneza katika makanisa ya nchi hizo.

Na haja ipo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ukatangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walipata kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tukihesabu vijana wa kwaya yetu kwa kipimo hicho tunapata idadi ambayo hatuwezi kuitamka mbele yao. Wavulana pia wamo, nao hunyamazishwa mara mbili, maana wanaambiwa jambo kama hilo haliwapati wanaume.

Tungependa tusieleweke vibaya. Kitabu hakichukui nafasi ya hospitali wala ya polisi. Mtoto aliyeumizwa jana anahitaji fomu ya PF3, daktari na Dawati la Jinsia na Watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Kikao cha ukoo chenye mbuzi na soda hakitoshi, hata mzee wa kanisa akikifungua kwa sala. Tunayoyasema hapa yanamhusu yule aliyeumizwa miaka 20 au 40 iliyopita, ambaye kesi yake haikufunguliwa kamwe na aliyemdhuru labda amekwisha kuzikwa kwa heshima, sisi tukiimba.

Mwaka uliofuata tulianza upya, kwa udogo. Viti 12, mlango wazi, na mapema tuliwaambia watu kitakachosomwa. Mama mmoja muuguzi mstaafu alikubali kukaa karibu na mlango ili anayetoka asitoke peke yake. Hatukuleta projekta. Tulileta Biblia, na msomaji mwenye sauti nzuri akasoma Tamari mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza palikuwa kimya sana. Kisha bibi mmoja, ambaye hajui kusoma, na ambaye katika miaka yote ya kikundi hatukuwahi kumsikia akiuliza kitu, akauliza Tamari alipata nini baadaye.

Tulifungua, tukatafuta. Tamari mwenyewe hatajwi akiishi tena popote. Lakini katika sura inayofuata, aya ya 27, tuliona kwamba Absalomu alizaa wana watatu na binti mmoja mzuri wa uso, naye akamwita Tamari.

Bibi yule akaomba asomewe tena aya hiyo. Tukamsomea. Akaomba mara ya tatu, na safari hii alisema maneno yake polepole pamoja na msomaji.